Nauli Kabla ya Sanda

Bismillahir-Rahmanir-Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baad:

Ndugu zetu Waislamu, somo letu la mara hii ni juu ya haki ya watu wa nyumba ambayo mtoto wao amepatikana na maradhi ya saratani. Tumelichagua kwa kuwa jambo lenyewe limetufikia mlangoni. Wadi ya Kiuu, huku Ruiru, ni upande wa mji wa Githurai 45, kando ya barabara kuu ya Thika. Ni mji wa wapangaji, na vyumba vyake ni vya bei nafuu kuliko vya Nairobi. Mwaka 2019 hospitali kubwa ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, isiyo mbali na hapa, ilianza kupokea wagonjwa, na saratani ni katika maradhi inayoyatibu. Basi imekuwa kawaida kumwona mama kutoka Lamu, Malindi au Kwale akishuka Githurai na mtoto wake begani na bahasha ya karatasi za hospitali mkononi, akiulizia nyumba ya jamaa au chumba cha kupanga kwa mwezi.

Na katika jambo hili imo ada moja mbaya ambayo yatupasa tuitazame kwa macho makavu. Mtoto akifa, habari huenea mji mzima kabla ya adhana ya pili. Michango hupitishwa, gari hukodiwa, masufuria hupandishwa jikoni. Lakini mtoto huyo huyo alipokuwa hai, na mama yake akitafuta nauli ya kurudi hospitali kwa siku aliyoandikiwa, walioonekana walikuwa wachache. Kusudi la somo hili ni kubainisha kuwa msaada unaotakiwa na sharia ni ule umfikiao mgonjwa angali hai, na udumuo mpaka matibabu yake yaishe.

1. MARADHI YENYEWE NA DAWA YAKE

Wengi wetu wakisikia neno saratani huona kuwa hukumu ya mauti imekwisha kupita, na kwamba fedha zitakazotolewa zitakuwa zimetupwa baharini. Dhana hii si sahihi, khasa kwa watoto.

Ushahidi wa jambo hili umo humu humu Afrika ya Mashariki. Mwaka 1958 tabibu Denis Burkitt, aliyekuwa mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, aliandika habari za uvimbe wa taya aliouona kwa watoto wa Uganda. Mwaka 1961 yeye na wenziwe wawili walisafiri kwa gari kukuu mwendo wa maili kama 10,000, wakiuliza hospitali moja baada ya moja. Wakaona kuwa uvimbe huo hupatikana zaidi katika nchi za joto na mvua, zenye malaria nyingi. Na pwani yetu ni katika nchi hizo. Mwaka 1964 wataalamu wa London wakagundua kirusi ndani ya chembe za uvimbe huo. Na lililo kubwa kuliko yote ni kwamba watoto waliopewa dawa, uvimbe wao uliyeyuka, na wengine walipona kabisa. Mwaka 1967 Kampala ikafungua mahali pa kutibia maradhi hayo, ndipo palipokua pakawa Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Shirika la Afya la Dunia lasema kuwa kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000, tangu wachanga hata wa miaka 19, hupatwa na saratani. Katika nchi tajiri zaidi ya 80 katika kila 100 hupona. Katika nchi maskini hawafiki 30. Mwaka 2018 shirika hilo liliazimia kwamba ifikapo mwaka 2030 wapone angalau 60 katika kila 100 duniani kote. Maradhi ni yale yale na watoto ni watoto. Kilicho mbali baina yao ni kuchelewa kujulikana maradhi, na kukosa matibabu au kuyaacha katikati.

Kwa hiyo mzazi asipuuze dalili hizi: uvimbe wa taya au wa tumbo unaokua, weupe ndani ya mboni ya jicho, ambao mara nyingine huonekana kwanza katika picha, homa isiyokwisha pamoja na weupe wa viganja na kutokwa na damu, tezi zinazovimba na kukaa. Dalili hizi huweza kuwa za maradhi mengine pia, lakini atakayezipambanua ni tabibu. Kisomo na dua ni katika sunna, wala hatukatazi mtu kumsomea mwanawe. Tunachokataza ni kumzungusha mtoto kwa waganga na hirizi na makombe miezi mitatu, uvimbe ukikua kila siku, kisha hospitali ikalaumiwa.

2. KWA NINI WATOTO WETU HUFA

Pengine msomaji atasema: ikiwa dawa iko, na hospitali iko, kwa nini basi wafe?

Jawabu ni kuwa matibabu ya saratani hayana mfano wa kupiga sindano ya malaria. Saratani ya damu ya watoto, ile iliyo nyingi zaidi, hutibiwa kwa muda wa miaka miwili hata mitatu. Dawa hutiwa kwa mpango wa siku maalumu, na siku zikirukwa maradhi hurudi na nguvu mpya. Baada ya miezi ya mwanzo mtoto hunenepa, hucheza, na uvimbe huwa hauonekani. Hapo ndipo fedha zinapokuwa zimekwisha, na mzazi husema moyoni mwake kuwa mtoto amekwisha pona. Naye hajapona.

Katika hospitali ya Moi, Eldoret, walipochunguza habari za watoto wa saratani walioandikwa kati ya mwaka 2007 na 2009, waliona kuwa zaidi ya nusu waliacha matibabu kabla hayajaisha, na sababu kubwa ilikuwa fedha. Basi tusidhani kwamba kila mtoto aliyekufa ameuawa na maradhi tu. Wako waliokufa kwa kukosa nauli.

Tuchukue mfano wa mama atokaye Faza. Hupanda mashua mpaka Mokowe, hupanda basi mpaka Mombasa, na kutoka Mombasa mpaka Nairobi ni kiasi cha kilomita 480, kisha ashike matatu mpaka Githurai. Safari hiyo ni ya kwenda tu. Akiandikiwa arudi baada ya wiki tatu, ama arudi kwao na kulipa yote hayo mara ya pili, ama akae Kiuu alipe kodi na chakula. Kwao ameacha watoto wengine na mume ambaye, akiacha kazi yake ili amfuate, hakuna wa kuleta riziki. Haya yote hayamo katika hesabu ya hospitali. Bima ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 ni SHA mahali pa NHIF, husaidia gharama za matibabu kwa kikomo kilichowekwa kwa mwaka, na yampasa kila mwenye nyumba ajiandikishe na alipe mapema kabla ya kuugua. Lakini bima hailipi kodi ya chumba Kiuu, wala haipiki uji wa waliobaki Faza. Pengo hilo hakuna wa kuliziba ila sisi.

3. HUKUMU YA SHARIA

Wengi wetu hudhani kuwa kuwasaidia watu hawa ni hisani tu: mwenye kupenda atoe, na asiyependa hana lawama. Sivyo walivyosema wanavyuoni wa madhehebu yetu.

Imamu Nawawi katika kitabu chake cha Minhaj, alipohesabu faradhi za kifaya, alitia ndani yake kuwaondolea Waislamu madhara, kama kumvika aliye uchi na kumlisha mwenye njaa, ikiwa zaka na hazina ya Waislamu hazikutosha. Na Imamu Ramli alipoisherehesha kauli hiyo katika Nihaya, alieleza kuwa yaingia humo pia yaliyo na maana hiyo, kama ujira wa tabibu na thamani ya dawa. Maana yake ni kuwa mji wenye watu wa uwezo, na ndani yake mna mtoto anayekosa dawa kwa ufukara wa wazazi wake, kisha wote wakanyamaza, basi wote wenye uwezo waliojua wamepata dhambi. Wakisimama baadhi yao wakatosheleza, dhambi imewaondokea wote. Tazama, ndugu msomaji, jinsi jambo hili lilivyo zito. Nasi tumelifanya kuwa la hiari.

Na katika hadithi sahihi zilizopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amewafananisha waumini na mwili mmoja, ambao kiungo kimoja kikiugua mwili wote hukesha nacho. Pia amewasifu watu wa kabila la Ash-ari kwa ada yao, kwamba chakula kikipungua safarini au mjini kwao, walikusanya vyote walivyonavyo katika nguo moja wakagawana sawasawa. Wala hawakungoja mpaka mmoja wao afe kwa njaa ndipo wakusanye.

Na lau mtu atasema kuwa kila kitu ni kadari ya Mungu, na ajali ya mtoto ikifika imefika, tutamjibu kwa habari ya Sayyidna Umar. Alipokuwa njiani kwenda Sham akaambiwa kuwa kuna tauni, aliamua kurudi. Abu Ubayda akamwuliza kama anaikimbia kadari ya Mungu. Naye akambainishia kuwa anatoka katika kadari ya Mungu kwenda katika kadari ya Mungu. Basi maradhi ni kadari, na dawa ni kadari, na nauli uliyo nayo mfukoni ni kadari vile vile.

4. MAS-ALA YA ZAKA

Swali: Je, yajuzu kuwapa zaka wazazi wa mtoto mgonjwa?

Jawabu: Yajuzu, bali ni katika mahali pake hasa, ikiwa wamo katika mafungu manane yaliyotajwa katika Sura ya Tawba. Asiyekuwa na cha kumtosha ni fakiri au maskini. Aliyekopa kwa ajili ya matibabu akashindwa kulipa ni katika wenye madeni. Na aliyekatikiwa safarini ni katika wasafiri wenye haki. Tena kwa madhehebu ya Imamu Shafii huingia humo hata anayetaka kuanza safari, akakosa cha kumfikisha. Huenda nyumba moja ikawa na sifa zote hizi.

Swali: Je, mtu ampe jamaa yake?

Jawabu: Haifai kumpa zaka, kwa ufukara wake, yule ambaye chakula chake chakulazimu, kama mwanao au mzazi wako. Lakini ndugu, shangazi, mjomba, ami na watoto wao yajuzu, na ina thawabu mbili: ya sadaka na ya kuunga ukoo.

Swali: Je, mtu wa Mombasa au Lamu aweza kuipeleka zaka yake Kiuu?

Jawabu: Kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu ni kuwa zaka haihamishwi kutoka mji ilipowajibika, maadamu wako huko wenye kuistahiki. Wako wanavyuoni wa madhehebu haya haya waliojuzisha, na Mahanafi hawaoni ubaya ikiwa apelekewa jamaa au mwenye haja zaidi. Lakini iko njia isiyo na khitilafu: wape zaka wakingali mjini kwenu, kabla hawajapanda chombo. Wakisha kuondoka, wapelekee sadaka. Na Waislamu wa Kiuu na Ruiru nao wana zaka zao, na msafiri aliyefika kwao ana haki kwao.

Na jihadharini na jambo moja. Zaka sharti imilikishwe mwenyewe mkononi mwake. Haifai kujengea nyumba ya wageni wala kununulia godoro la kuwekwa. Mambo hayo hufanywa kwa sadaka na wakfu.

5. NAMNA YA KUSAIDIA

Imesihi kwa Bibi Aisha (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alifunza kuwa amali ipendezayo mno kwa Mungu ni ile idumuyo, japokuwa ni kidogo. Hadithi hii ndiyo msingi wa mlango huu. Mchango mkubwa wa siku moja humfurahisha mtoaji, lakini maradhi ya miaka miwili hayataki moto wa mabua. Basi tunashauri hivi:

Kwanza, watu 12 wa mtaa au wa msikiti mmoja wagawane miezi. Kila mmoja mwezi wake ajue kuwa nauli ya mtoto fulani ni juu yake. Katika miaka miwili zamu itamfikia mara mbili tu.

Pili, mmoja wao awe mwandishi wa siku za hospitali. Azijue tarehe, na siku tatu kabla aulize kama nauli iko. Kazi hii haina gharama, na huenda ikamwokoa mtoto kuliko fedha.

Tatu, wale waliobaki nyumbani wasisahauliwe. Watoto wengine walishwe, wapelekwe chuoni na skuli, na baba asaidiwe kushika kazi yake.

Nne, wenye majumba ya kupangisha huku Githurai, mmoja wao aweke wakfu chumba kimoja tu kwa wazazi wa watoto wagonjwa. Pwani yetu imejaa wakfu za visima na misikiti zilizowekwa na wazee wetu. Chumba cha mama aliye safarini ni katika jinsi hiyo hiyo. Asiyekuwa na mlki, aweza kulipa kodi ya chumba kuwa sadaka. Jambo hili si ndoto. Dar es Salaam, taasisi iitwayo Tumaini la Maisha, ikishirikiana na hospitali ya Muhimbili, huwatibu watoto wa saratani bila ya malipo na ina nyumba ya kuwaweka wao na wazazi wao wanaotoka mbali. Na Nairobi kuna Faraja, iliyoanzishwa mwaka 2010, ambayo huwasaidia wagonjwa wa saratani na watoto. Ikiwa wengine wameweza, sisi tuna udhuru gani?

Tano, fedha ziandikwe, na hesabu isomwe mbele ya watoaji. Lakini mtoto asipigwe picha akiwa uchi au amevimba uso, ikazungushwa katika simu za watu ili kuwatia huruma. Mwenyezi Mungu ametukataza kuiharibu sadaka kwa masimango na maudhi, na kumfedhehi mtoto ni katika maudhi.

6. ADABU YA ZIARA NA MANENO

Kumzuru mgonjwa ni sunna kubwa. Lakini mtoto aliye katika dawa za saratani, nguvu ya mwili wake ya kujikinga huwa imeshuka, na kikohozi kidogo cha mgeni chaweza kumwua. Basi mwenye mafua asiingie; asalimie mlangoni, atoe alichokuja nacho, aombe dua, aende zake. Watu wasijae chumbani. Anayeleta chakula alete kilichoiva vizuri na kingali moto. Na mtoto huyo akipata homa, hata usiku, asingojewe mpaka asubuhi. Jirani mwenye gari na asimame wakati huo, kwani homa hiyo ni hatari.

Saratani haiambukizi. Hapana ubaya kula naye sinia moja wala kulala na nduguze, na wanaowakataza watoto wao kucheza naye wanaongeza maradhi juu ya maradhi.

Ama maneno, yaangalieni sana. Asiambiwe mama kuwa haya ni malipo ya dhambi zake, wala kwamba ni kijicho cha wifi. Mtoto hajabaleghe, kalamu haijamwandikia dhambi, naye haadhibiwi kwa dhambi ya mwingine. Na waliojaribiwa zaidi ya watu wote ni Mitume. Wala asiambiwe asilie. Nabii Yaakub alilia mpaka macho yake yakawa meupe, na Mtume wetu alimlilia mwanawe Ibrahim. Mama huyo hana haja ya mawaidha marefu. Ana haja ya mtu wa kumshikia mtoto saa mbili apate kulala.

7. MTOTO AKIFARIKI

Si kila mtoto hupona. Akifariki, Sunna ni ile iliyopokewa na Abu Dawud na Tirmidhi: alipouawa Jaafar bin Abi Talib katika vita vya Muuta, mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha watu wawapikie chakula jamaa zake, kwa kuwa wamefikwa na la kuwashughulisha. Sisi tumeigeuza sunna hii chini juu: wafiwa ndio wanaotupikia, siku ya tatu, na ya saba, na ya arubaini, hata wakauza kilichosalia baada ya hospitali. Ada hiyo ni bidaa, na katika nyumba iliyomalizwa na maradhi ni dhulma pia.

Na aliyefia huku azikwe huku pamoja na Waislamu. Kumchukua maiti usiku kucha kwa gari la kukodi mpaka pwani hakumwongezei kitu. Na fedha hizo, lau zingalitoka mwaka mmoja kabla, huenda zingalimpeleka hospitali mara nyingi akiwa hai. Wazazi wake walipiwe madeni yao, na wasikatiwe ziara baada ya siku tatu, kwani huzuni ya nyumba hiyo ndiyo kwanza yaanza.

KHATIMA

Ndugu msomaji, ukisha kuisoma karatasi hii, usiiweke mpaka umefikiri: katika mtaa wako, ni nani mwenye mtoto anayekwenda Nairobi na kurudi? Ukimjua, usimwulize kama ahitaji kitu, kwani mwenye haya atakujibu kuwa alhamdulillahi. Mwulize siku yake ya hospitali ni lini, kisha ifikirie nauli yake kabla hajaitaja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awaponye watoto wetu wagonjwa, awape subira wazazi wao, awape rehema waliotangulia, na atujaalie sisi tuwe katika wanaotoa kabla ya kuombwa. Amin.

Wabillahi taufiki.